Kiini cha Yai la Bibi

Kengele ya mchana ilipolia, Chiriku alikuwa wa kwanza kutoka darasani na wa mwisho kufika nyumbani. Njiani alikuwa na shughuli nyingi: kumsalimu fundi viatu, kuuliza kwa nini duka la vyombo limefungwa, kuamua ugomvi usiomhusu. Watu wa mtaani ndio waliompa jina hilo la Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu hata akilala, ulimi unabaki zamu.

Lakini tangu Bibi augue, Chiriku alitakiwa akate maneno na kwenda nyumbani moja kwa moja. Waliishi watu watatu, yeye, Mama na Bibi, katika vyumba viwili nyuma ya safu ya maduka. Bibi alikuwa mama yake Baba. Baba mwenyewe alikuwa ameshafariki, na Mama hakuona sababu ya kumpeleka mkwe wake kwa mtu mwingine. "Alinipokea nikiwa bibi harusi sijui hata kuwasha jiko," alisema. "Na mimi nimempokea." Kila asubuhi Mama alikwenda kwenye karakana ya kushona sare za shule. Msimu wa sare ulikuwa umepamba moto, hata Jumapili karakana haikufungwa, na Mama alirudi jua likizama, macho mekundu na vidole vimechomwachomwa na sindano.

Bibi alilala kwenye kitanda cha dirishani. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande mmoja wa mwili, kuanzia shavuni mpaka mguuni. Akili yake ilikuwa nzima kabisa, ila maneno yalimtoka kwa shida, vipande vipande, na msikilizaji alihitaji subira. Chiriku aliwatania rafiki zake kwamba Bibi huanza neno leo akalimaliza kesho. Rafiki zake walicheka. Halikuwa jambo la kuchekesha.

Muuguzi wa zahanati, mama mmoja mpole asiye na haraka, alifika mara kwa mara kumwangalia mgonjwa, naye ndiye aliyewaonyesha namna ya kumlisha. Asubuhi dawa zilimpa Bibi usingizi, na jioni alikuwa amechoka, anageuza uso ukutani baada ya vijiko vichache. Kwa hiyo mlo wa mchana ndio uliokuwa mlo wenyewe: uji mzito wa maziwa, pamoja na kiini cha yai la kuchemsha. Kiini kipondwe, kichanganywe na uji huo wa moto mpaka kilainike kabisa. Bibi aketishwe wima, kidevu kiinamishwe kidogo, kijiko kiwe cha chai, na kijiko cha pili kisiende mpaka cha kwanza kimemezwa.

"Ute ni wako," Mama alimwambia Chiriku, kwa maana Bibi hakuwa na meno ya kuutafuna. "Kiini ni cha Bibi. Na hicho kiini usikifanyie mchezo, mwanangu. Ndicho kinachomshikilia."

Mwanzoni Chiriku hakukifanyia mchezo. Alikaa kitandani, akalisha kijiko baada ya kijiko huku akimsimulia Bibi habari zote za mtaa, nyingine za kweli. Bibi alimeza na kutabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Kisha ikaja siku ambayo rafiki zake walimfuata mpaka mlangoni na kamba ya kuruka. Wakawa wanamwita kwa nje, "Chiriku! Chiriku, zamu yako inapita!" Chiriku akaona kuponda na kuchanganya kutamchelewesha. Akakimega kile kiini kikiwa kikavu, akakitia kijikoni, akakipeleka mdomoni mwa Bibi.

Bibi akapaliwa. Kiini kikavu kilimganda kooni kama unga. Uso ukamwiva, mkono wake mzima ukashika shuka na kulivuta, macho yakamtoka, na sauti iliyomtoka haikuwa ya kukohoa wala ya kulia. Chiriku alipiga kelele, lakini nje walikuwa wakiimba na kuruka kamba. Akamwinamisha Bibi mbele, akampiga mgongoni kwa kiganja, akampiga tena, mpaka tonge la njano likatoka na Bibi akavuta pumzi. Chiriku aliketi sakafuni. Alikuwa amemwona Bibi akifa, au ndivyo alivyoamini, na mwenye kijiko alikuwa yeye.

Hakumwambia mtu. Kesho yake alichemsha uji, akaupoza kwa maji mengi, akampa Bibi vijiko viwili vitatu, na Bibi alipokohoa kidogo tu, Chiriku akaweka kijiko chini. Uji uliobaki akaumwaga kwenye mtaro nyuma ya nyumba. Kiini akamtupia paka wa jirani. Kesho kutwa akafanya vivyo hivyo, na siku iliyofuata, na ikawa ndiyo desturi.

Jioni Mama aliingia, akavua viatu mlangoni, na kabla hata ya kunywa maji akauliza, "Bibi amekula?"

"Amekula."

"Na kiini?"

"Chote, Mama. Mpaka kijiko amekilamba. Halafu akanifanyia hivi kwa mkono, kama anauliza kimebaki kingine?"

Hivyo ndivyo ulivyokuwa uongo wa Chiriku. Haukuwa mkavu, aliutia viungo. Mama alicheka kwa furaha, akaketi, na Chiriku akaona kwamba jambo limepita. Bibi aliwatazama wote wawili toka kitandani. Alifungua mdomo, akaufunga.

Wiki zikaenda. Paka wa jirani alinenepa mpaka tumbo likawa linagusa chini, na Bibi akaisha. Mikono ikabaki ngozi na mfupa. Mashavu yakaingia ndani. Mama alipombeba kumgeuza, alimnyanyua kama anayenyanyua mto.

Siku moja shuleni, mwalimu wa Kiswahili alichora yai kubwa ubaoni. Akaonyesha ganda, akaonyesha ute, kisha akapaka chaki ya njano katikati.

"Hiki tunakiitaje?"

"Kiini!" darasa zima likajibu.

"Kazi yake nini?"

Hapo hawakujibu kwa pamoja. Mwalimu akaeleza kwamba kifaranga huanza kama kidoa kidogo juu ya kiini, na kwamba kiini chenyewe ndicho chakula chake mle ndani mpaka siku anapotoboa ganda. Bila hicho hawezi kuishi. Chiriku aliinamisha uso na kujifanya anachonga penseli.

"Sasa," mwalimu akasema, "kwa nini tukakiita kiini? Neno hili maana yake nini, na limetoka wapi? Kesho kila mtu aje na jibu. Muulizeni mtu mzima nyumbani, mwenye umri, si simu. Na mtu huyo akisema hajui, njoo useme hajui. Hilo nalo ni jibu, na mimi nitalipokea."

Bibi alikuwa amefuga kuku maisha yake yote mpaka alipougua. Kama kulikuwa na mtu wa kuulizwa habari za mayai, ni yeye. Mchana ule Chiriku aliketi ukingoni mwa kitanda, bakuli mkononi.

"Bibi, mwalimu anauliza, kwa nini kiini kinaitwa kiini?"

Bibi aligeuza kichwa taratibu. "Ki...," akaanza. "Kii..." Macho yake hayakuwa kwa Chiriku. Yalikuwa kwenye bakuli, kwenye yai lililokuwa bado na ganda lake, na midomo yake ilikuwa ikijaribu kumeza mate.

Chiriku alisimama ghafla. Alisema, "Basi, Bibi, usijichoshe," akatoka na lile bakuli mpaka nyuma ya nyumba. Paka alikuwa ameshafika na kusubiri.

Siku ya pili wanafunzi walisimama mmoja mmoja. Mmoja alisema babu yake hajui. Mwingine alisema bibi yake amejibu kwamba kiini ni kiini na sasa aachwe alale, na darasa likaangua kicheko. Ikafika zamu ya Chiriku. Angeweza kusema hajui. Lakini Chiriku na kusema hajui vilikuwa mbali kama mbingu na nchi.

"Bibi yangu amesema," alianza, "kwamba zamani watu walipochinja kuku jike walikuta ndani yake mayai yasiyo na ganda bado, ya njano, madogo kwa makubwa, yamejipanga karibu na ini. Wakadhani ni maini madogo. Wakayaita viini, yaani vijiini. Baadaye kuku alipotaga, wakavunja ganda, wakakikuta kitu kilekile katikati, wakasema, kumbe hiki ndicho kile kiini! Na Bibi amesema yeye mwenyewe aliambiwa na bibi yake, wakiwa jikoni wananyonyoa kuku."

Darasa likapiga makofi. Mwalimu alikuwa amesahau chaki mkononi.

"Hilo sijapata kulisikia popote," alisema. "Amekwambia lini?"

"Jana, Mwalimu. Nikimlisha yai."

Uongo mara mbili kwa pumzi moja, na wote ukapita. Mwalimu akayaandika maelezo yale kwa mkono wake kwenye karatasi kubwa, akaibandika kwenye ubao wa matangazo, na chini yake akaandika: Yamesimuliwa na Bibi yake Chiriku. Wanafunzi wa madarasa ya juu walikuja kusoma. Kichwa kilimvimba Chiriku, hakikuingia mlangoni. Kikanywea pale mwalimu alipomsimamisha getini na kumwambia, "Wiki hii nitakuja kwenu nimrekodi Bibi. Wazee wenye mambo kama haya wanatuondokea. Nataka sauti yake mwenyewe."

"Anaumwa, Mwalimu."

"Nitakaa kidogo tu. Sitamchosha."

Jioni ile muuguzi alikuwa nyumbani. Alimpima Bibi, akamshika mkono, akavuta ngozi kwa vidole na kuona hairudi mahali pake. Kisha akamwita Mama pembeni, ila pembeni ya nyumba ile ilikuwa ni nyuma ya pazia tu, na Chiriku alisikia kila neno.

"Chakula anakula?"

"Anakula vizuri. Mchana anamaliza bakuli zima na kiini juu. Mtoto ndiye anayemlisha."

Muuguzi alianza kufunga mkoba wake. "Kama anakula hivyo na bado anaisha hivi," alisema hatimaye, "basi ugonjwa umemshinda nguvu. Mimi sina zaidi. Wapigieni simu ndugu. Na msimsafirishe, hatafika."

Alipoondoka, Mama alikaa kwenye kiti cha cherehani yake ya nyumbani na kulia bila sauti, sare ya mtoto wa watu imemfunika magoti. Chiriku alimsogelea. Maneno yote yalikuwa mdomoni. Mama akamvuta, akamkumbatia, akasema, "Wewe ndiye uliyenishika mkono katika haya yote, mwanangu. Bila wewe ningefanyaje?" Na Chiriku, msemaji wa mtaa mzima, hakuweza kutoa hata neno moja. Aliona haya mpaka mifupani.

Shangazi alifika siku ya tatu. Alikuwa dada yake Baba, anaishi mji wa mbali, na hakuwa amekanyaga pale tangu msiba wa kaka yake. Mama alikuwa ameomba ruhusa kazini ili ampokee. Shangazi aliingia na mkoba begani, akaenda moja kwa moja kitandani, akafunua shuka. Akaupapasa ubavu wa Bibi.

"Wifi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko walivyotarajia. "Umemfanya nini mama yangu?"

"Ni ugonjwa, wifi. Muuguzi amesema..."

"Ugonjwa gani unaomla mtu mpaka akabaki hivi? Mimi nimeona watu wa kiharusi. Hawa walio hivi ni watu wa njaa." Sasa sauti ilipanda. "Fedha ya mayai na maziwa natuma mimi kila mwezi! Mtoto wako ananawiri, na mama yangu amebaki mbavu. Kaka yangu alipokufa ulimhesabu na mama yake kuwa amekufa, si ndiyo? Sema!"

Mama alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Haki ya Mungu, sijawahi kumnyima. Hata siku moja."

"Basi ataondoka leo. Gari la kukodi ninalo nje."

"Wifi, hatafika. Muuguzi amesema hatafika."

"Bora afie kwangu akiwa ameshiba!" Shangazi akaanza kukunja nguo za Bibi na kuzisukumia mkobani, huku machozi yakimtiririka. Mama aliziba uso kwa viganja. Hakujitetea tena. Bibi kitandani alikuwa akitoa sauti ya kooni, mkono wake mmoja ukipapasa hewani, na hakuna aliyemtazama.

Hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, simu mkononi, tabasamu usoni.

"Samahanini, nimekuja wakati mbaya?" Alitazama nguo, akatazama nyuso. "Mimi ni mwalimu wa Chiriku. Nilitaka tu kumsalimu Bibi na kumsikiliza kidogo. Juzijuzi alimweleza Chiriku asili ya neno kiini, maelezo mazuri ajabu, wakati anakula yai."

Shangazi akaacha kukunja. "Mama yangu anaongea?"

"Haongei," Mama alisema, akitoa mikono usoni. "Mwalimu, mkwe wangu hajasema sentensi nzima tangu augue. Nani amekwambia hayo?"

Wote watatu wakamgeukia Chiriku.

Alikuwa amesimama pale mlango wa chumba cha pili, kiganja kimeshika fremu. Njia ya kukwepa ilikuwapo, na Chiriku aliiona. Angeweza kusema kwamba Bibi huongea wakiwa peke yao. Mama angemwamini, kwa maana Mama alimwamini siku zote. Gari lingeondoka na Bibi, Bibi angefia njiani, na hakuna ambaye angejua mpaka mwisho wa dunia. Mama angebaki na jina la mtu aliyemuua mkwe wake kwa njaa.

"Mama hana kosa," alisema. "Ni mimi."

Na akaueleza mkasa wote. Mara hii hakutia viungo. Alisema habari ya kamba ya kuruka, ya kiini kikavu, ya Bibi kupaliwa. Alisema habari ya mtaro na paka. "Nilidhani nikimpa tena atakufa," alisema. "Halafu nikadhani nikisema, mtajua nilitaka kumuua. Na yale ya kiini nilitunga, Mwalimu. Bibi hakusema. Aliangalia yai tu. Alikuwa na njaa."

Shangazi alimsogelea, akainua mkono juu, na Chiriku hakukwepa. Alitamani umpige.

"Mwa..." ilisikika toka kitandani. "Mwa...che."

Wakageuka. Bibi alikuwa amejivuta kwa mkono wake mzima mpaka kichwa kikaacha mto. Jasho lilimtoka kwa jitihada.

"Ali...ogo...pa," alisema. Akapumzika. "Mto...to. Aliogo...pa."

Alikuwa akijua siku zote. Kila jioni alisikia lile neno "amekula" na njaa ikimuuma, na kwa kuwa ulimi haukumtii, na kwa kuwa aliuona uso wa mjukuu wake siku ile sakafuni, alinyamaza. Mkono wa Shangazi ulishuka wenyewe. Alikaa juu ya mkoba wa nguo, akalia kwa kwikwi.

Mama hakulia. Alikwenda jikoni, wakasikia sufuria. Aliporudi alikuwa na uji wa moto na yai. Alilimenya, akatoa kiini, akakiweka mkononi mwa Chiriku pamoja na bakuli.

"Ponda," alisema.

"Mama, siwezi."

"Nimesimama hapa. Ponda."

Chiriku akaponda. Mama alimimina uji kidogo kidogo, akamwambia akoroge mpaka asione hata chembe. Mwalimu na Shangazi walimketisha Bibi, mmoja kila upande, na Mama akaweka kidole chini ya kidevu chake na kukiinamisha. Chiriku akapeleka kijiko. Bibi alikuwa ameshafungua mdomo kabla hakijafika, na kwa hilo tu Shangazi alitazama pembeni. Akameza. Chiriku alisubiri koo litulie, ndipo akachota kingine. Katikati Bibi alikohoa, na Chiriku akaruka.

"Tulia," Mama alisema. "Mwache akohoe. Anasafisha koo. Haya, ameza tena, Bibi... Mpe, mwanangu."

Bakuli lilikwisha. Bibi alisinzia akiwa ameketi hivyohivyo, uji pembeni ya mdomo.

Shangazi alimshika Mama mkono. "Wifi, nimekutupia maneno mazito. Sikuja mwaka mzima, halafu nimekuja kukuhukumu. Nisamehe." Mama alitikisa kichwa kuonyesha yamekwisha. Gari la nje lilirudishwa tupu. Shangazi alibaki mpaka mwisho wa mwezi, akawa yeye na Chiriku wanalisha pamoja mchana.

Kabla ya kuondoka siku ile, mwalimu aliomba ruhusa, akachuchumaa kando ya kitanda. Bibi alikuwa ameamka. "Bibi, shikamoo. Nikuulize moja tu. Kwa nini kiini kinaitwa kiini?"

Bibi alifikiri. Kisha upande mmoja wa mdomo ukapanda. "Si...jui," alisema, na wote wakacheka, hata Mama, kicheko cha watu waliochoka.

Asubuhi iliyofuata Chiriku alisimama mbele ya darasa akabandua karatasi yake mwenyewe. Alieleza sababu. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja nyuma alisema, "Muongo."

"Sikilizeni," mwalimu alisema. "Kwenye kamusi, kiini ni sehemu ya ndani kabisa ya kitu, ni ile sehemu ya njano ya yai, na pia ni chanzo hasa cha jambo. Hayo tuna hakika nayo. Kuhusu neno lilikotoka, wapo wanaofikiri lina undugu na ini, kwa sababu maneno yanafanana. Inawezekana. Lakini kufanana si ushahidi, na mimi sijui. Chiriku alitunga kitu kizuri. Kosa ni kwamba alikitia mdomoni mwa mtu ambaye hakukisema, tena mtu asiyeweza kukikanusha. Na mimi nilikipenda mno, nikasahau kuuliza. Kwa hiyo tumekosa wawili."

Bibi hakupona kiharusi. Asikudanganye mtu. Lakini mbavu zilianza kufunikwa, na muuguzi alipomvuta ngozi ikarudi mahali pake. Aliposimuliwa mambo yote alimgeukia Chiriku. "Nilikuwa nimemkatia tamaa bibi yako," alisema, "kwa sababu ya jibu lako. Wewe uliposema anakula, mimi nikatafuta ugonjwa ambao haupo."

Mama alikuwa na jeraha lake, na halikupona upesi. Kila jioni aliporudi aliuliza, Chiriku akajibu, kisha Mama akaenda mwenyewe kuangalia bakuli, akachungulia mtaro, akamshika Bibi tumbo. Chiriku aliona yote hayo na kuyameza. Ilikuwa adhabu kubwa kuliko kofi ambalo Shangazi hakulipiga.

Jioni moja, Shangazi akiwa amesharudi kwake, Mama aliingia na kuvua viatu.

"Bibi amekula?"

"Nusu tu, Mama," Chiriku alisema. "Alipaliwa kidogo katikati, nikaogopa. Nikamwacha apumzike, nikajaribu tena, akakataa. Nusu nyingine ipo jikoni nimeifunika."

Mama alisimama na kiatu mkononi. Hakwenda jikoni. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, akamwita kwa kidole, akamweka mbele yake.

"Siku ile ya kwanza," alisema, "ungeniambia maneno hayo mawili, alipaliwa, nikaogopa, basi ningekufundisha jioni ileile, na bibi yako asingelala njaa hata siku moja. Mimi nimeogopa mara nyingi, mwanangu. Nimeogopa baba yako alipokufa, nimeogopa wakati ule muuguzi aliposema niwaite ndugu. Woga wako haukumuumiza mtu. Kilichomuumiza Bibi ni jibu zuri ulilonipa nikalala nalo usingizi. Ukishindwa jambo, nipe ubaya wake kama ulivyo. Huo nitaweza kuufanyia kitu."

"Ndiyo, Mama."

"Haya, kapashe huo uji moto. Tumlishe wote."